Jarida la mizimu lililodaiwa kila upande, likadumu miaka 31

MFANYABIASHARA anayepokea mzigo kwa mali kauli pale Namanga au Busia hahitaji kufundishwa jinsi biashara ya majarida ilivyokwenda Marekani miaka 100 iliyopita. Mwenye kibanda aliletewa nakala, akauza alizoweza, zilizobaki akazirudisha bila kuzilipia. Hasara ilimwangukia mchapishaji peke yake, ambaye tayari alikuwa amekopa karatasi, amekopa kazi ya mtambo na amelipia usafiri wa treni. Aliyekosea hesabu ya nakala kwa miezi michache alifilisika. Wengi walifilisika.

Ndani ya biashara hiyo ndimo lilimozaliwa jarida la Weird Tales, yaani hadithi za ajabu na za kutisha, ambalo toleo lake la kwanza lina tarehe ya Machi 1923. Lilikuwa la mizimu, maiti zinazofufuka, miungu ya kale iliyolala baharini na wachawi wenye visasi. Kwa hesabu za fedha halikuwahi kutulia. Hata hivyo lilitoa matoleo 279 kabla ya kufungwa Septemba 1954, na baadhi ya watu lililowabuni, akiwamo Conan wa sinema, wanaingiza fedha hadi leo.

Mwanzilishi alikuwa Jacob Clark Henneberger, mchapishaji ambaye alikuwa ameonja faida kwa jarida la vichekesho lililoitwa College Humor. Mwaka 1922 yeye na mshirika wake, J. M. Lansinger, walifungua kampuni ya Rural Publishing Corporation. Wakaanza na jarida la upelelezi, Detective Tales, kisha wakaongeza hilo la kutisha. Henneberger alikuwa mpenzi wa maandishi ya Edgar Allan Poe, naye aliamini wapo waandishi wenye hadithi kali ambazo wahariri wa majarida ya heshima walikuwa wakizikataa kwa hofu. Soko halikuwa na mshindani. Hilo lilionekana kuwa jambo zuri.

Bei ilikuwa senti 25. Karatasi ilikuwa ile ya rojo la mbao, nene, ya kukwaruza, inayogeuka njano upesi; kwa sababu ya karatasi hiyo Wamarekani waliyaita majarida ya aina hiyo yote palpu. Mhariri wa kwanza, Edwin Baird, alikuwa mtu wa hadithi za upelelezi na hakuonekana kuwa na mapenzi makubwa na mizimu. Ndani ya mwaka mmoja tu kampuni ilikuwa na deni la zaidi ya dola 40,000.

Houdini aingizwa dukani

Henneberger alifanya kile ambacho muuzaji yeyote aliyebanwa hufanya: akatafuta jina kubwa la kuweka mlangoni. Akampata Harry Houdini, mwana kiinimacho aliyejulikana duniani kwa kujifungua pingu na minyororo. Mwaka 1924 hadithi zenye jina la Houdini zilianza kutoka. Mojawapo, iliyohusu kufungwa chini ya mapiramidi ya Misri, iliandikwa na mtu mwingine, kijana mwembamba wa mji wa Providence aliyeitwa Howard Phillips Lovecraft. Malipo yake yalikuwa dola 100.

Kazi hiyo karibu ipotee. Machi 1924 Lovecraft alikuwa akisafiri kwenda New York kufunga ndoa na Sonia Greene, akaisahau hadithi iliyopigwa chapa katika kituo cha treni cha Providence. Bahati alikuwa na mswada wa mkono. Maharusi wakatumia sehemu ya fungate lao mjini Philadelphia wakiipiga chapa upya, mmoja akisoma na mwingine akiandika, ili mzigo ufike kwa wakati.

Hadithi ilitoka katika toleo nene la Mei, Juni na Julai 1924 kwa pamoja, lililouzwa senti 50. Toleo hilo pia lilikuwa na hadithi ya C. M. Eddy kuhusu mtu anayetamani maiti, nayo ilizua malalamiko makali. Inasimuliwa kuwa baadhi ya maeneo liliondolewa vibandani. Lawama za aina hiyo huuza magazeti, lakini hazikutosha kulipa deni. Baada ya toleo hilo jarida likakaa kimya miezi kadhaa.

Mchapaji ageuka mmiliki

Hapa ndipo kisa kinapomhusu zaidi mtu wa biashara. Mdai mkubwa kuliko wote alikuwa mwenye mtambo, B. Cornelius. Angeweza kuvunja kampuni na kugawana vipande na wadai wengine. Badala yake alikubali deni lake ligeuzwe kuwa hisa katika kampuni mpya, Popular Fiction Publishing, kwa makubaliano kwamba siku faida ya jarida itakapomlipa dola 43,000 zake zote, hisa zitarudi kwa Henneberger. Lansinger naye aliondoka na jarida la upelelezi. Henneberger alikuwa na nafasi ya kuchagua, akachagua mizimu.

Siku ya kurudishiwa hisa haikufika.

Kwa kiti cha mhariri, Henneberger alimfikiria kwanza Lovecraft. Lovecraft alikataa. Alikuwa ameoa juzi, hakutaka kuhamia Chicago, na jarida lenyewe lilikuwa halina uhakika wa kesho. Ni vigumu kumlaumu, ingawa baadaye angehangaika kutafuta kazi yoyote mjini New York bila kupata. Kiti kikaenda kwa Farnsworth Wright, aliyekuwa msomaji wa miswada wa jarida hilo hilo, mtu aliyewahi kuwa mhakiki wa muziki na aliyetumikia jeshi la Marekani nchini Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza kama mkalimani.

Wright aliketi hapo kuanzia Novemba 1924 hadi mapema 1940. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson uliozidi mwaka hadi mwaka, mpaka kutia saini kukawa shida. Ofisi yake ilikuwa Indianapolis kwanza, kisha Chicago, na watu wa kuiendesha hawakuzidi wachache mno: yeye, meneja wa fedha William Sprenger, na wasaidizi. Kwa mtaji wa aina hiyo aliendeleza ukurasa wa barua za wasomaji ulioitwa The Eyrie, ambamo watu walibishana vikali kuhusu hadithi ipi ni bora. Wright alizihesabu kura hizo. Ilikuwa njia rahisi ya kujua soko linataka nini.

Na soko halikumtaka Lovecraft kama watu wanavyodhani leo. Aliyekuwa akipendwa zaidi ni Seabury Quinn na mpelelezi wake Mfaransa, Jules de Grandin, aliyepambana na mashetani katika hadithi zaidi ya 90. Quinn alikuwa mwanasheria, na kwa muda alihariri jarida la kibiashara la watengeneza majeneza na wasimamizi wa mazishi. Mtu huyu alijua maiti kutoka pande zote mbili.

Nusu senti kwa neno

Malipo ya kawaida yalianzia nusu senti kwa kila neno, wachache wenye majina wakifika senti moja au moja na nusu. Robert E. Howard, kijana wa mji mdogo wa Cross Plains, Texas, alilipwa dola 16 kwa hadithi yake ya kwanza iliyotoka Julai 1925. Mvulana mwingine, Thomas Lanier Williams, alipata dola 35 kwa kisasi cha malkia wa Misri kilichotoka Agosti 1928. Baadaye alijiita Tennessee Williams na akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa tamthilia Marekani.

Kibaya zaidi ya kiwango kilikuwa wakati. Jarida lililipa hadithi ikishachapishwa, si ilipokubaliwa. Mwandishi aliweza kuuza hadithi mwaka huu, itoke mwaka ujao, na hundi ichelewe baada ya hapo. Kwa maneno mengine, waandishi nao walikuwa wakimpa mchapishaji mali kauli, bila kuitwa wakopeshaji.

Wright mwenyewe alikuwa mnunuzi mwenye kusitasita. Aliikataa hadithi ya Lovecraft kuhusu Cthulhu, mungu wa kutisha aliyelala chini ya bahari. Kisha kijana Donald Wandrei, akipita Chicago, akamdokeza kwamba Lovecraft huenda akaipeleka kwa mnunuzi mwingine. Wright akaiomba tena, akainunua, ikatoka Februari 1928. Leo ndiyo maarufu kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwake. Mwaka 1931 alikataa hadithi yake ndefu ya bara la barafu la kusini, na Lovecraft akavunjika moyo kiasi cha kuacha kuandika sana. Ilinunuliwa na jarida jingine na kutoka 1936.

Lakini mwaka 1933 hakusita. Bahasha ilifika kutoka Indianapolis ikiwa na jina C. L. Moore. Inasimuliwa kwamba Wright alipomaliza kusoma alifunga ofisi kwa siku hiyo, akafurahi na wenzake. Moore alikuwa Catherine, karani wa benki. Alificha jina lake kwa herufi si kwa sababu alikuwa mwanamke, bali kwa sababu hakutaka mwajiri ajue ana kipato cha pembeni wakati watu wanapunguzwa kazini.

Watu walikuwa wanapunguzwa kazini kwa sababu ya anguko kuu la uchumi lililoanza 1929. Jarida liliumia mapema. Mwishoni mwa 1930 benki ya Indianapolis iliyotunza fedha zake ilifunga milango, na fedha zikakwama ndani. Kwa miezi kadhaa ya 1931 jarida likatoka mara moja kila miezi miwili. Malipo ya waandishi, yaliyokuwa yakichelewa, sasa yalisahaulika.

Mshindani alijitokeza mwaka huo huo: Strange Tales, la mchapishaji Clayton, lililolipa senti mbili kwa neno, na kulipa mara tu hadithi inapokubaliwa. Waandishi walikimbilia huko. Matoleo saba baadaye, mwanzoni mwa 1933, Strange Tales lilikufa kwa kuwa kampuni mama ilifilisika. Mlipaji mzuri alizikwa. Mlipaji mbaya akaendelea kufungua duka kila mwezi. Wright, Sprenger na mdai wao mwenye mtambo walikuwa wagumu kufa.

Gharama ya ugumu huo ililipwa na watu kama Howard. Desemba 1932 alikuwa amelipa jarida hilo Conan, shujaa wa upanga ambaye wasomaji walimgombania. Mei 1935 alimwandikia Wright barua ya kusihi. Alikuwa anadai zaidi ya dola 800, mama yake alikuwa akiugua kifua kikuu, na bili za matibabu zilikuwa zikiingia. Aliomba angalau hundi moja kila mwezi. Tarehe 11 Juni 1936, alipoambiwa mama yake hatazinduka tena, Howard alijitoa uhai akiwa na miaka 30. Deni lilikuwa bado halijalipwa. Lovecraft alifuata Machi 1937, saratani, miaka 46, karibu fukara.

Mama wa chaki na mpaka wa Canada

Kama kuna mtu aliyelipwa vizuri kwa kulinganisha, ni Margaret Brundage wa Chicago. Alichora jalada lake la kwanza Septemba 1932 na kuanzia katikati ya 1933 akachora majalada 39 mfululizo, kila moja kwa dola 90. Alitumia chaki za rangi. Wanawake wake walikuwa nusu uchi au uchi kabisa, wamefungwa minyororo mbele ya madhabahu, na wasomaji wa Eyrie walishambuliana kwa miaka kuhusu aibu hiyo huku nakala zikiuzwa. Saini yake ilikuwa M. Brundage, kwa hiyo wengi walidhani ni mwanamume mpaka Wright alipotangaza ukweli mwaka 1934. Nyumbani alikuwa akilea mtoto na kumtunza mama mgonjwa kwa fedha za majalada hayo.

Mwaka 1938 jarida liliuzwa kwa William Delaney, mchapishaji wa Short Stories, na ofisi ikahamia New York. Meya wa huko, Fiorello La Guardia, alikuwa akiendesha kampeni ya kusafisha vibanda vya magazeti, na wanawake uchi wakavalishwa nguo. Kulikuwa pia na tatizo ambalo kila msafirishaji ataelewa: chaki haivumilii safari. Picha iliyotoka Chicago hadi New York ilifika imefutikafutika. Kazi za Brundage zikapungua.

Wright aliondolewa mwaka 1940 na akafariki Juni mwaka huo huo. Nafasi yake ilichukuliwa na Dorothy McIlwraith, mzaliwa wa Canada, mhariri makini aliyepewa bajeti ndogo. Bei ilikuwa imeshushwa hadi senti 15, na jarida likawa la kila miezi miwili. Wengine humkumbuka kama mtu wa kipindi cha kushuka, na hiyo si haki kamili. Ni yeye aliyechapisha hadithi nyingi za mwanzo za Ray Bradbury.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Canada ilikuwa na shida ya dola za kigeni. Mwishoni mwa 1940 serikali yake ikapiga marufuku kuingiza majarida ya hadithi kutoka Marekani pamoja na bidhaa nyingine zilizoonekana si za lazima. Wasomaji walikuwapo, bidhaa ilikuwa upande wa pili wa mpaka, na geti limefungwa. Jibu lilikuwa lile lile linalotolewa hata leo pale nchi jirani inapozuia bidhaa: kutengeneza ndani. Kuanzia 1942 toleo la Canada la Weird Tales lilichapishwa Toronto, hadithi zikiwa zile zile kwa sehemu kubwa lakini majalada mara nyingi yakiwa ya wachoraji wa huko. Liliendelea hadi 1951, vita ikiwa imeisha zamani.

Ng'ambo ya bahari mzigo ulikuwa umevuka mapema zaidi. Tangu 1925 mhariri wa London, Christine Campbell Thomson, alikuwa akikusanya hadithi nyingi kutoka jarida hilo na kuzitoa katika vitabu vya bei nafuu vya mfululizo wa Not at Night. Hivyo Mwingereza aliweza kusoma Lovecraft katika kitabu kabla Mmarekani hajaweza.

Afrika ya kubuni

Msomaji wa huku atakayefungua kurasa hizo leo atakutana na Afrika asiyoijua. Howard alimpeleka shujaa wake Solomon Kane barani mara kadhaa tangu 1928, kwenye misitu ya ngoma, wachawi na wafu wanaotembea, naye hakuwahi kukanyaga Afrika. Lovecraft alikuwa mbaguzi wa wazi, katika barua zake na katika shairi moja baya sana kuhusu watu weusi. Kwa miaka mingi tuzo ya World Fantasy ilikuwa sanamu ya kichwa chake. Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, aliishinda mwaka 2011 kwa riwaya ya Who Fears Death, kisha akaandika hadharani jinsi ilivyo kuweka nyumbani kichwa cha mtu aliyemdharau. Sanamu ilibadilishwa baada ya tuzo za 2015.

Kwa nini basi jina la Lovecraft halikuzama na karatasi yake? Kwa sababu ya wasomaji wawili. August Derleth na yule Wandrei aliyemtega Wright waliambiwa na wachapishaji wakubwa kwamba marehemu huyo hauziki, wakaanzisha kampuni yao, Arkham House, mjini Sauk City, Wisconsin. Mwaka 1939 walichapa nakala 1,268 za mkusanyiko wake mkubwa na kuziuza kwa dola tano. Ilichukua miaka kuzimaliza. Pia Lovecraft, tofauti na wengi, alikuwa amejifunza mapema kuuza haki ya uchapishaji wa kwanza tu na kubaki na nyinginezo, jambo lililorahisisha hadithi kutoka tena.

Baada ya vita, vibanda vilijaa vitabu vya jalada jepesi na katuni, na nyumbani kukawa na televisheni. Mwaka 1953 Weird Tales lilipunguzwa likawa dogo la kushikwa mkono mmoja. Likajazwa hadithi za zamani zilizorudiwa ili kuokoa fedha. Septemba 1954 likafungwa. Jina liliuzwa, likafufuliwa kwa matoleo manne mwaka 1973 na 1974, likafa, likafufuliwa tena mwaka 1988 mjini Philadelphia, na tangu hapo limekuwa likipita mikononi mwa wamiliki mbalimbali. Henneberger aliishi hadi 1969 bila kulipata tena.

Nakala za awali ni chache. Karatasi ya rojo la mbao ina tindikali inayojila yenyewe, na wakati wa vita familia nyingi ziliyatoa majarida ya zamani kwenye ukusanyaji wa karatasi chakavu. Wanaozimiliki huzihifadhi ndani ya mifuko ya plastiki na hawazifungui kwa sababu kurasa zinamegeka. Toleo la Machi 1923, lililokuwa senti 25 na ambalo wenye vibanda walikuwa na ruhusa ya kulirudisha, sasa hupimwa kwa maelfu ya dola.